Muulize Fundi wa Programu: Kwangu Inafunguka, kwa Dada Inazunguka

Barua nyingi za safari hii zina sentensi moja inayofanana: "Nimejaribu kila kitu." Ukimbana mwenyewe akutajie hicho kila kitu, utaambiwa amefuta, amesakinisha upya, amezima na kuwasha, amebadilisha toleo. Ule ujumbe mwekundu ulisema nini? Kimya. Naomba, mnaponiandikia, nakilini ujumbe mzima, hata ukiwa mrefu kama mkeka. Mimi nitatafuta pa kuanzia. Mmoja aliyenakili amejibiwa hapa kwa urefu.

Shikamoo Mwalimu. Nimetengeneza programu yangu ya kwanza ya simu kwa Flutter, vyombo vya Google vya kuundia programu. Inachukua orodha ya vitabu kwenye seva na kuionyesha. Simu yangu ikiwa imechomekwa kwenye laptop, orodha inakuja bila shida. Nikatengeneza APK, yaani faili la kusakinisha programu, nikampa dada yangu. Kwake kuna kiduara tu kinachozunguka, hata baada ya nusu saa. Simu zetu ni za aina moja na intaneti anayo. Nimeandika upya sehemu ya kuita seva mara nne. Nimejaribu kila kitu. — Mzungusha Kiduara

Marahaba. Rudisha ile sehemu ya kuita seva ilivyokuwa mwanzo, haikuwa na kosa.

Fungua folda ya mradi, ingia android, kisha app, kisha src. Utakuta folda tatu: debug (ya majaribio), main (ya msingi) na profile (ya kupima kasi). Kila moja ina faili lake la AndroidManifest.xml. Fungua la debug, kisha la main, uyaweke ubavu kwa ubavu. Kwenye la debug utaona mstari wenye maneno android.permission.INTERNET. Kwenye la main, nina hakika haupo.

Mstari huo ni ruhusa ya kutumia intaneti. Flutter huuweka kwenye debug na profile kwa faida yake yenyewe, maana inahitaji kuwasiliana na laptop yako ili ubadilishe rangi ya kitufe na uione papo hapo kwenye simu. Wewe ukawa unapanda gari hilo bila kujua limeletwa na nani. Ulipotengeneza APK ya kugawa, faili la debug liliachwa nje, na ruhusa ikabaki huko. Nakili mstari huo wote wa uses-permission, ubandike kwenye faili la main, ndani ya manifest na juu ya application. Tengeneza APK upya. Dada hataulizwa chochote, kwa sababu ruhusa hii simu huitoa yenyewe wakati wa kusakinisha.

Hilo ni kosa la kusahau, nami nalisamehe. Kosa lisilosameheka ni kiduara. Nadhani umetumia FutureBuilder, kile kipande cha Flutter kinachosubiri data kisha kuchora skrini, na umeandika hivi: data ikiwepo, onyesha orodha, vinginevyo, onyesha kiduara. Hilo neno "vinginevyo" limebeba mambo mawili yasiyofanana hata kidogo, yaani data haijafika, na data haitafika kamwe. Kosa lilitokea kwenye simu ya dada katika sekunde ya kwanza. Programu ikalijua, ikanyamaza, ikaendelea kumzungushia kiduara kama mwenyeji anayesema chai iko jikoni na jiko halijawashwa. Ongeza sehemu ya tatu: ikiwa hasError ni kweli, andika kosa kwenye skrini. Ungekuwa umefanya hivyo, dada angekutumia picha ya skrini na ungemaliza kazi kwa dakika tano.

Kwa kuwa wengine watano wameandika malalamiko yanayofanana na haya, nayataja mawili ya jirani. La kwanza, anwani ya seva ikianza na http bila s, Android huikataa. Imekuwa hivyo tangu Android 9 ya mwaka 2018, kwa programu zilizolengwa toleo hilo na yaliyofuata. Dawa ni kuipa seva cheti cha https. Njia ya kuilazimisha Android ikubali http ipo, ila itumie kwenye majaribio tu.

La pili ni localhost. Neno hili maana yake ni "mimi mwenyewe". Laptop ikilisema, inajiita laptop. Simu ikilisema, inajiita simu, na ndani ya simu hakuna seva yoyote. Kwenye emuleta, yaani ile simu ya bandia inayoendeshwa ndani ya kompyuta, andika 10.0.2.2 badala ya localhost, nayo itaifikia laptop iliyoibeba. Kwenye simu halisi iliyochomekwa kebo, andika kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri, adb reverse tcp:8000 tcp:8000 (adb ni chombo cha laptop kuongea na simu; weka namba ya mlango, yaani port, wa seva yako), na localhost itakubali.

Fundi, laptop yangu ina RAM ya GB 4. Nikiwasha emuleta, kipanya kinaganda na feni inalia kama mashine ya kusaga. Nifanyeje iwe nyepesi? — Feni Inalia

Haitakuwa nyepesi. Google wenyewe wanaomba angalau GB 8 kwa Android Studio, programu ya kuandikia na kujengea programu za Android, peke yake, na 16 ukitaka na emuleta. Achana nayo, tumia simu yako. Hata mimi mwenye kompyuta kubwa nafanyia kazi simu ya zamani yenye ufa kwenye kioo, kwa sababu kidole changu hakidanganyi kama kipanya.

Nenda kwenye mipangilio, kuhusu simu, utafute namba ya toleo la mfumo, ile inayoitwa Build number. Iguse mara saba. Simu itakuambia sasa wewe ni msanidi, na menyu mpya itatokea. Humo washa USB debugging. Chomeka kebo, fungua terminali, andika adb devices.

Sasa soma jibu kwa makini. Ukiona namba ya utambulisho ya kifaa na neno device, umefika. Ukiona unauthorized, tazama simu, kuna kidirisha kinakuuliza kama unaiamini laptop hii, na huenda skrini ilikuwa imezima usikione. Ukiona orodha tupu, usianze kusakinisha draiva. Badilisha kebo kwanza. Niliwahi kukesha nikitoa na kurudisha draiva, kumbe kebo ilikuwa ya kuchaji tu, haina nyuzi za data ndani. Simu ilikuwa inajaa chaji vizuri, nami nikachukulia kuwa kebo ni nzima.

(Kwa wenye RAM ya kutosha na bado emuleta inatambaa: angalieni kwenye BIOS, ile mipangilio ya kompyuta ya kabla mfumo haujawaka, kama virtualization, uwezo wa kuendesha kompyuta ndani ya kompyuta, imewashwa.)

Nafuata masomo ya video hatua kwa hatua. Mwalimu wa video anabofya, mradi wake unafunguka. Mimi napata ukuta wa maandishi mekundu. Nimenakili hapa mistari ya mwanzo: "Could not open settings generic class cache", kisha "Unsupported class file major version 65". Pia kuna onyo kuhusu jcenter. Video ni ya 2019. — Hatua kwa Hatua

Asante kwa kunakili! Jibu lote limo humo.

Anza na 65. Kila toleo la Java lina namba yake ya ndani, na kuipata ni hesabu ya kutoa tu: 65 toa 44 ni 21. Kompyuta yako ina Java 21. Ungeona 61, ingekuwa Java 17; 52 ingekuwa Java 8. Ujumbe unasema kwamba Gradle, chombo kinachokusanya mradi na kuufanya programu, kimekutana na Java changa kuliko kinavyoijua. Gradle ilianza kuendeshwa kwa Java 21 kuanzia toleo la 8.5. Mradi wa video ya 2019 una Gradle ya enzi hizo. Mwalimu wa video hana kosa nawe huna kosa. Alirekodi kwa vyombo vya wakati wake, wewe umepakua vya leo.

Watu wengi hapa hushika Gradle na kuipandisha. Ikipanda, plagini ya Android, kiongezo kinachoifundisha Gradle kujenga programu za Android, inalalamika. Plagini ikipanda, inataka Java 17 au zaidi na namespace, yaani jina la utambulisho, kwenye kila moduli ya mradi. Ukiipa hayo, maktaba moja ya zamani, yaani msimbo wa kuazima ulioandikwa na wengine, inagoma. Jua linazama hujaandika hata mstari mmoja wa programu yako. Ushauri wangu ni mwingine: acha mradi wa video. Fungua Android Studio ya sasa, anzisha mradi mpya mtupu, uuendeshe ukiwa mtupu hivyo hivyo mpaka uone skrini yake kwenye simu. Mradi huo ukifunguka, ndipo uhamishie faili za msimbo, moja baada ya nyingine, ukiendesha kila baada ya moja. Itakayogoma utaijua kwa jina.

Kuhusu jcenter: hilo lilikuwa ghala la maktaba, na wenye ghala walitangaza kulifunga mwezi Februari 2021. Popote video inapoandika jcenter(), wewe andika mavenCentral(), na uache google() palepale. Ukikuta pia AsyncTask, njia ya zamani ya kufanya kazi nyuma ya pazia, jua imewekwa kando rasmi tangu Android 11, na ukikuta majina yanayoanza na android.support, mahali pake siku hizi ni androidx.

Na namna ya kusoma ukuta mwekundu, kwa siku nyingine: usianzie juu. Mradi ukikataa kujengwa, tafuta maneno "What went wrong" na usome mistari mitatu inayofuata. Programu ikianguka ikiwa tayari kwenye simu, fungua Logcat, dirisha la Android Studio linaloonyesha ujumbe wa simu, tafuta "Caused by" ya mwisho kabisa, kisha shuka mpaka mstari wa kwanza wenye jina la kifurushi chako, yaani kitambulisho cha programu yako. Mabano ya mwishoni yatakutajia faili na namba ya mstari. Mistari mingine mia moja na themanini ni Android inakusimulia ilipita wapi kabla ya kujikwaa.

Nataka kujifunza kutengeneza programu za simu. Nishike Kotlin, Flutter, React Native au Swift? Nimesoma mijadala miezi mitatu na bado sijaamua. — Njia Panda

Kama una rafiki anayejua mojawapo na anapokea simu zako, chagua hiyo hiyo. Kama huna, na unataka Android tu, shika Kotlin. Google wameiweka mbele kwenye Android tangu 2019 na maelezo mapya mengi yanaandikwa kwa lugha hiyo. Ukitaka kufika pia kwenye iPhone kwa msimbo mmoja, Flutter. Lakini jua kwamba hata Flutter haikuepushi na Mac, kwa sababu kujenga toleo la iPhone kunahitaji Xcode, na Xcode haiendeshwi kwenye Windows wala Linux. Miezi mitatu ya mijadala ingekutosha kumaliza programu mbili ndogo mbaya.

Mwalimu, nina fomu ya oda kwa Kotlin. Mtumiaji anaandika jina na namba ya simu kwenye EditText (kisanduku cha kuandikia), kisha anaongeza vitu kwenye orodha. Akigeuza simu ilale, jina na namba vinabaki lakini orodha inafutika yote. Kwa nini kimoja kibaki na kingine kipotee? Kwa sasa nimeizuia skrini isigeuke. — Nusu Nusu

Swali zuri kuliko yote ya mwezi huu, kwa sababu umeona tofauti badala ya kusema "data inapotea".

Simu inapogeuzwa, Android haigeuzi skrini yako. Huivunja Activity nzima, yaani skrini pamoja na msimbo unaoiendesha, na kuijenga nyingine. Kabla ya kuvunja, hupita kwenye kila kijenzi cha skrini na kukiuliza kama kina cha kuhifadhi. EditText yenye id, yaani jina la utambulisho, hujibu: ninayo maandishi haya. Baada ya ujenzi, hurudishiwa. Ndiyo maana jina lilibaki. Ukitaka kuthibitisha, ifute id ya EditText ya jina uigeuze simu uone. Orodha yako, kwa upande mwingine, ni kigezo tu ndani ya Activity. Hakuna aliyeiuliza, imekufa na mwenyewe.

Ihamishie orodha kwenye ViewModel, mahali pa kutunzia data ya skrini nje ya Activity. Hiyo haivunjwi wakati wa kugeuza. Lakini usiishie hapo: mtumiaji akihamia kwenye kamera, simu ikikosa kumbukumbu ya kutosha ikaua programu yako kwa nyuma, ViewModel nayo huenda. Vile vichache ambavyo mtu hatakusamehe vikipotea, viweke kwenye SavedStateHandle, kisanduku ambacho Android hukirudisha programu ikifunguliwa tena, au vihifadhi kabisa kwenye hifadhidata ya simu. Wanaotumia Compose, ile njia mpya ya Android ya kuchora skrini, tofauti hii kwenu ni kati ya remember na rememberSaveable.

Na hiyo kufuli ya skrini uliyoweka, itoe. Mtu akibadilisha lugha ya simu, Activity huvunjwa vilevile. Umefunga mlango mmoja wa nyumba yenye milango sita.

Laptop imekufa pamoja na faili la ufunguo (.jks) nililotumia kusaini programu. Nina watumiaji kama mia tatu na kuna hitilafu nataka kuirekebisha haraka. Je, naweza kutengeneza ufunguo mwingine? — Nimepoteza Ufunguo

Pole. Jibu linategemea watu wako waliipata wapi.

Kama ni kupitia Google Play, na programu ni mpya ya kuanzia Agosti 2021, pumua. Tangu wakati huo programu mpya hupelekwa kwa muundo wa AAB badala ya APK, na ufunguo halisi wa kusaini unakaa kwa Google. Ulichopoteza ni ufunguo wa kupakia tu, yaani wa kuthibitisha kuwa ni wewe unayeleta mzigo. Tengeneza mwingine, toa cheti chake kwa muundo wa PEM, kisha mwenye akaunti aombe kubadilishiwa kwenye Play Console, sehemu ya kusaini programu. Utasubiri kidogo, ila watumiaji hawatajua kilichotokea.

Kama uliwagawia APK mkononi, hapo sina dawa. Android hulinganisha saini ya programu iliyopo na ya ile inayoingia, na zikitofautiana hukataa. Mtumiaji atalazimika kufuta ya zamani ndipo aweke mpya, na akifuta, data iliyo kwenye simu inaondoka nayo. Waandikie leo, waambie wanakili wanachokihitaji kabla hawajafuta.

Nakujibu kwa upole kwa sababu nilipita humo. Mwaka 2016 nilikuwa na programu ndogo ya kuwakumbusha watu kumwagilia maua. Nikaifuta laptop nisakinishe mfumo upya, nikahifadhi picha, muziki, hata msimbo wote. Faili la ufunguo lilikuwa kwenye folda ya Downloads, folda ambayo nilikuwa nimeiona kuwa ni ya takataka. Siku tatu baadaye nikajenga toleo jipya, nikapakia, nikakataliwa. Huo mpango wa Google kukushikia ufunguo ulikuwa haujaanza. Ilibidi niitoe programu upya kwa jina jingine la kifurushi, nianze na watumiaji sifuri, na kwenye ile ya zamani niandike kwenye maelezo kwamba tumehama. Wengi hawakusoma. Kwa miezi mingi niliendelea kupata malalamiko ya hitilafu niliyokwisha kuirekebisha kwenye nyumba ambayo wao hawakuwahi kuhamia.

Sasa ufunguo wangu unakaa sehemu mbili zisizo ndani ya laptop, na nywila yake inakaa sehemu ya tatu, maana ufunguo usio na nywila yake ni chuma tu. Na tafadhali msiuweke kwenye hazina ya Git, ghala la kutunzia msimbo, iliyo wazi kwa watu wote. Nimeona faili la key.properties, nywila ndani, limeachwa wazi kama barua mlangoni.

Fundi, nimemaliza! Lakini Google Play wananiambia nitafute wajaribu 12 kwa siku 14 kabla ya kuitoa kwa umma. Naweza kufungua akaunti kumi na mbili mwenyewe? — Nimemaliza

Hongera, na hapana. Sharti hilo ni kwa akaunti binafsi zilizofunguliwa baada ya 13 Novemba 2023. Mwanzoni walitaka watu 20, wakapunguza hadi watu 12 mwezi Desemba 2024, kwa hiyo umepata nafuu. Siku 14 ni za mfululizo, na mjaribu lazima abaki amejiunga muda wote huo. Usitafute kumi na wawili kamili. Tafuta kumi na minane, kwa sababu siku ya tisa mtu atabadilisha simu na mwingine atakasirika na kujitoa.

Kabla hujawaita, kagua mambo mawili ya haraka. Kama jina la kifurushi chako bado linaanza na com.example, Play itakataa, na ukishaipakia programu kwa jina jingine hutaweza kulibadilisha tena, basi lichague ukiwa hujachoka. Na versionCode, namba ya toleo la programu, ipandishe kwa kila unachopakia, hata kama badiliko ni herufi moja.

Ukiwapata, usiwaambie "nijaribieni programu". Mpe kila mmoja kazi: wewe sajili kisha zima intaneti katikati, wewe geuza simu ukiwa unaandika, wewe fungua kwa simu yenye maandishi makubwa. Mzungusha Kiduara ana dada aliyekaa nusu saa akitazama skrini ileile. Muulize kama atakuazima.